Radhi kwa Manowari Kwarara

Walikuja kumchukua Sikudhani kwa gari la Jeshi la Majini, bendera ikipepea mbele, kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda vita. Gari lilishindwa kuingia uchochoroni, likasimama mbele ya duka la mkaa, na Kapteni Burhani Shekue akateremka mwenyewe akaja kwa miguu, viatu vyake vyeupe vikiruka madimbwi ya maji ya sabuni. Majirani walitoka milangoni na miko mikononi.

Sikudhani alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli. Alimwona tangu alipoinama kupita chini ya kamba za nguo, lakini hakuacha kazi. Alilimaliza kwanza shuka lililokuwa mezani, pembe kwa pembe, ndipo akainua uso.

"Hodi, dada."

"Karibu. Usikanyage hapo, pameloa."

Kapteni akavua kofia. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sura, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kuipaza. "Nimekuja kukuomba."

"Ulimtuma luteni, akanisomea risala. Nikamwambia akusalimie."

"Salamu zilifika. Ndiyo maana leo nimekuja mwenyewe."

"Ulipaswa uje mwenyewe tangu mwanzo."

"Nilipaswa."

Sikudhani hakutegemea akubali upesi namna ile, na kukubali kwake kukamuudhi zaidi. Mtu umejiandaa kugombana, mwenzio anakunyang'anya ugomvi mkononi.

Katika visiwa vya Marasi, chombo kilichopoteza watu hakitoki tena bandarini mpaka wafiwa wakipande, waweke kiganja ubavuni mwake na kukiambia: tumekuwia radhi, nenda urudi. Hakuna sheria ya jeshi iliyosema hivyo. Lakini Makao Makuu yalipoamuru manowari Kwarara itoke bila radhi ya mfiwa wa mwisho, hakuna mwanamaji aliyefungua kamba. Hawakugoma. Walisimama tu kando ya kamba, mikono nyuma, wakitazama mbele kama walivyofundishwa, mpaka jua likatua na amri ikasahauliwa kwa makusudi. Mfiwa wa mwisho alikuwa Sikudhani. Familia nyingine nne zilikwisha kutoa radhi, nyingine kwa kulia, nyingine kwa kuchoka.

"Meli za mchele na dawa zimekwisha kupakiwa," Kapteni alisema. "Watu wa Ukwiri hawana kitu. Adui yupo katika Mlango wa Nguli, na siwezi kupeleka msafara bila manowari ya kuusindikiza. Nyingine zote ziko kusini vitani. Iliyopo ni Kwarara tu."

"Na Vuai yumo humo."

"Ndiyo, dada. Vuai yumo humo."

Mlango wa pili ukafunguliwa kwa kishindo, na Bi Mize akatoka, kanga moja begani, nyingine kiunoni, jirani aliyekuwa akisikiliza tangu neno la kwanza na hakuona haja ya kuficha. Mwanawe Ngwali alikuwa mwanamaji wa Kwarara.

"Mwenzangu, kamalize," alisema. "Nakuomba kwa yote tuliyokula pamoja. Watu wanakufa huko, dawa zinaoza ghalani. Mimi nimfiche mwanangu nyuma yako mpaka lini? Kila siku yupo gatini anaosha meli isiyokwenda. Na humo ndani ya ngozi ya meli ile yuko salama kuliko hapa kwangu, paa linamvujia kitandani."

"Vuai naye alikuwa salama humo," Sikudhani alisema.

Bi Mize akaupanga upya ule mkunjo wa kanga begani ingawa haukuwa umelegea.

Sikudhani akachomoa pasi kwenye umeme. Alikuwa amemlea mdogo wake Vuai tangu akiwa wa kubebwa, baada ya wazazi wao kuondoka mmoja nyuma ya mwingine, na kila alichokijua kijana yule kuhusu dunia, pamoja na kulikunja shati, alifundishwa chumbani mle. Akavaa buibui. "Nakwenda kuona," akamwambia Kapteni. "Sijasema nakwenda kutoa."

* * *

Kwarara ilikuwa manowari nyepesi ya daraja la Kozi. Kulikuwa na sita za daraja hilo, zote zimepewa majina ya ndege: Kozi, Mwewe, Kipanga, Membe, Korongo na hii. Ukiiona kutoka mbali ungedhani imechongwa kwa kipande kimoja cha jiwe. Haikuwa na mshono, haikuwa na rangi iliyobanduka, haikuwa na kutu. Rangi yake ilikuwa ile ya ndani ya chaza, na jua likiipiga ubavuni ilisisimka kidogo, kama mnyama anayefukuza nzi usingizini.

Mbavu zake zilikuwa za chuma, lakini kilichozifunika hakikuundwa kiwandani. Kilioteshwa. Nyuma ya bandari kulikuwa na matangi marefu yenye paa, na humo ngozi za manowari zote sita ziliota kutokana na punje moja, zikitambaa juu ya mbavu za chuma kama matumbawe yanavyotambaa juu ya mwamba, ila kwa haraka. Ngozi ilikunywa maji ya bahari na kula chokaa. Kila manowari ilikuwa na walishaji wake, wanamaji waliopita na ndoo za uji mweupe wa chokaa wakiumimina katika midomo midogo iliyo kando ya korido. Mlishaji mzuri aliijua ngozi yake inapopenda kula na inapojifanya imeshiba.

Ikitobolewa, ilijiponya. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Marasi. Katika Mlango wa Nguli Kwarara ilipigwa topido, kombora la chini ya maji, pigo ambalo lingeizamisha meli yoyote ya chuma kabla ya kengele kunyamaza. Ngozi ilifanya kile ilichooteshwa kukifanya. Ilitoka jasho zito jeupe, jasho likafura kama uji unaochemka, likaziba tundu, likajaza chumba kilichokuwa nyuma ya tundu, likaganda kuwa jiwe kabla maji hayajafika mlango wa pili. Watu themanini walirudi bandarini wakiwa hai. Watano waliokuwa katika chumba kile hawakurudi, wala hawakubaki baharini. Walikuwa ukutani.

Redio ilitangaza ushindi wa sayansi. Wafiwa waliitwa ukumbini, wakapewa soda, na mwanamke mwembamba wa miwani, Dakta Mkadam, aliyeilea ngozi ile tangu ikiwa punje ndani ya chupa, akawaeleza kwa upole kwamba ukuta ule haukatwi. Ngozi ikikatwa mahali ilipojiponya, alisema, hufa mahali hapo, na kufa huko husambaa meli nzima. Akasema anasikitika. Wakasomewa dua. Mtu mmoja akauliza kama wataweza kuwaosha, akaongezewa soda.

Dakta Mkadam alikuwa akiwangoja juu ya ngazi ya meli. "Pole sana, mama," alisema, akampa Sikudhani mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na laini. Wanamaji walikuwa wamejipanga kwenye sitaha, nguo nyeupe, hakuna aliyemtazama usoni.

Wakateremka. Korido ilikuwa nyembamba na ilinuka kama chungu kipya. Mwishoni, mbele ya mlango ambao haukuwa mlango tena bali fremu ya chuma iliyozibwa kwa jiwe jeupe lililovimba, alisimama Ngwali na ndoo yake. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mrefu mno kwa korido ile, chokaa imemkauka mpaka viwikoni. Alipomwona Sikudhani akaweka ndoo chini.

"Shikamoo, da Siku."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Chakula cha hapa, da Siku. Bora hata huu uji wa meli." Akajaribu kucheka, ikashindikana.

Kapteni akasogea kando ili kumpa nafasi. Sikudhani akaweka kiganja ukutani.

Alitarajia ubaridi wa kaburi. Jiwe lilikuwa na joto la paji la uso wa mtoto mwenye homa. Akakitoa kiganja, akakirudisha.

"Ina joto."

"Ngozi yote ina joto," alisema Dakta. "Ni kitu kinachoishi."

"Hapa zaidi," alisema Ngwali. Dakta akamtazama, naye akatazama ndoo.

Maneno yalikuwa manne tu, tumekuwia radhi, nenda urudi, na Sikudhani alikuwa nayo ulimini. Alifikiri juu ya watu wa Ukwiri, ambao hakuwa akimjua hata mmoja. Alifikiri juu ya Bi Mize na paa lake. Kweli alifungua kinywa. Kisha kiganja chake, kikiteleza kushuka, kikaingia kwenye kijishimo.

Akainama. Chini kidogo ya usawa wa kifua, katika lile jiwe lililovimba ovyo, palikuwa na mraba. Upana wake kama wa sinia, kingo zake zimenyooka kwa rula, na ndani yake ngozi ilikuwa changa, ya waridi, imeng'aa kama kovu la kuungua. Hakuhitaji kusoma sayansi ili ajue anachokitazama. Hata ndizi ikimegwa inajulikana imemegwa.

"Nani amekata hapa?"

Akageuka, akawatazama mmoja mmoja.

"Nauliza, nani amekata hapa? Mlituita ukumbini mkatuambia haukatwi. Mkatupa soda. Ngwali, nani amekata?"

"Mimi nilipewa amri nisiwepo siku hiyo, da Siku," alisema Ngwali polepole. "Niliporudi nilikuta hivyo."

Kapteni alikuwa akimtazama Dakta. Usoni mwake Sikudhani aliona kwamba alijua. Hakuwa mtu aliyeshangaa. Alikuwa mtu aliyetumaini kwamba hapatatazamwa.

"Ni kipande cha mbegu," alisema Dakta Mkadam. Hakubabaika. Alisema kama mtu anayeeleza jambo zuri kwa msikilizaji aliyechelewa kulielewa. "Sehemu hii ya ngozi imepona kwa nguvu ambayo hatujawahi kuiona. Tumeipiga nyundo, tumeipiga risasi. Ni imara mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Manowari ya saba itaota kutokana na kipande hiki, na baada ya hiyo nyingine, na nyingine. Hakuna topido litakalozitoboa. Fikiria ni mama wangapi hawatalia."

"Kwa nini ni imara?"

"Mama?"

"Nimekuuliza, kwa nini hapa na si kwingine? Inakula nini hapa ambacho kwingine haipati?"

Dakta akavua miwani akaifuta kwa ncha ya koti. "Chokaa ni chokaa," alisema mwishowe. "Lakini chokaa iliyokwisha kupita katika mwili wa kiumbe ina mpangilio. Ngozi imejifunza mpangilio huo."

"Sema mfupa."

"Mfupa. Ndiyo."

Ngwali alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa, na chokaa ya viganja ikampaka nywele nyeupe.

"Na katika kipande hicho mlichochukua," Sikudhani aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo kuliko ya wote, "mlimkuta nani?"

"Hatuwezi kusema nani. Hakuna tena mahali ambapo ngozi inaishia na mtu anaanza. Ndiyo maana nasema hii si dharau, mama, ni heshima. Ndugu yako hakupotea. Atakuwa ndani ya meli zote za taifa hili."

"Ndugu yangu si punje ya mahindi."

"Sijasema hivyo."

"Umempanda! Mtu tumeshindwa kumpata tumzike, wewe umempata ukaenda kumpanda!" Korido iliirudisha sauti yake, na kule juu nyayo za wanamaji zilisikika zikisogea. "Haukatwi ukitaka kutoa maiti. Ukitaka kuotesha manowari, unakatika. Msumeno ni uleule, ukuta ni uleule. Mnayemkata ni yuleyule. Halafu mnanifuata kwangu na bendera, nije nikiambie kidude chenu nimekiwia radhi!"

* * *

Kapteni Shekue alimwongoza hadi chumba cha ramani, akamwekea kiti, akamimina maji. Sikudhani hakukaa na hakunywa.

"Sikukata mimi," alisema Kapteni. "Lakini nilijua, na nikanyamaza. Nilifikiri: wamekwisha kufa. Nikafikiri juu ya walio hai."

"Na walio hai mlituambia uongo."

"Si uongo wote. Kipande cha upana wa sinia ni jambo moja. Kufungua chumba kizima watolewe watu watano, ngozi itashikwa na homa. Meli italala gatini msimu mzima. Huo ni ukweli, dada, naapa." Alitandaza mkono juu ya ramani. "Hapa ni Ukwiri. Kuna hospitali moja. Wana wagonjwa wa sukari wasio na dawa, wana watoto wanaokunywa maji ya mchele bila mchele. Niambie nichague nini. Nikiikata meli, hao wanakufa. Nisipoikata, nimekudhulumu wewe. Wewe ungechagua nini?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla Sikudhani tangu uchochoroni, na sasa lilikuwa limewekwa mbele yake wazi juu ya karatasi ya buluu. Angeweza kusema hapana, na pengine mahali fulani pwani ya Ukwiri mwanamke wa rika lake angemfunga mdogo wake sanda kwa sababu ya hapana hiyo. Alijua. Hakujidanganya hata kidogo. Lakini alijua pia kwamba wangemwomba kila mara hivihivi, kwa jina la wagonjwa, na nyuma ya wagonjwa pangekuwa na tangi. Leo wamemega wafu kwa sababu walifika ukutani kwa bahati mbaya. Manowari ya saba ikishajulikana kuwa ni imara kwa mifupa, ya nane italishwa nini?

"Meli za mchele ziko tayari?" aliuliza.

"Ziko tayari."

"Na vile vyombo vya doria vya zamani, vya chuma, pale gati ya mashariki. Vinakwenda?"

Kapteni akakunja uso. "Vinakwenda. Hamali na Subira. Ni mabati, dada. Vikipigwa vinazama."

"Lakini vinakwenda."

"Hakuna atakayekubali kwenda navyo Mlango wa Nguli."

"Hujawauliza," alisema Sikudhani, akatoka.

* * *

Juu, wanamaji walikuwa bado kwenye mistari yao, ila mistari ilikuwa imepinda. Maneno ya chini yalikwisha kupanda ngazi. Katika meli hakuna siri inayokaa chini. Sikudhani alisimama mbele yao, mwanamke mfupi mwenye harufu ya sabuni, na kwa muda hakujua aanzeje. Hakuwahi kuhutubia hata harusini.

"Nimeletwa nitoe radhi," alisema. "Basi natoa. Nawatolea nyinyi. Hamkumkosea Vuai. Mlikula naye, mlimcheka kwa kuimba vibaya, najua, alinisimulia. Yeyote kati yenu anayekwenda baharini leo, nimemuwia radhi, aende arudi. Nendeni Ukwiri. Wapelekeeni watu dawa." Akagonga sitaha kwa kisigino. "Hiki chombo sikiwii radhi. Si leo, wala atakapokuja mwingine kuniomba. Kinakula watu, na waliokifundisha kula wamependa matokeo. Mkikifungulia kamba, mtakuwa mmekifungulia bila mimi."

Upepo ulipiga bendera. Kisha Ngwali akatokea mlango wa chini, ndoo yake tupu mkononi. Akaiweka katikati ya sitaha, pale ambapo kila mtu angeiona, akaelekea kwenye ngazi ya gati.

"Ngwali!" Kapteni aliita.

"Naam, Kapteni."

"Unakwenda wapi?"

"Ukwiri, Kapteni. Nakwenda kuangalia kama injini ya Hamali inawaka."

"Wewe ni mlishaji. Unajua nini kuhusu injini?"

"Sijui kitu, Kapteni. Ila chuma hakihitaji kulishwa."

Mtu mmoja akacheka, kicheko cha puani cha mtu asiyetaka kucheka, na huyo ndiye aliyefuata wa pili. Wakashuka mmoja mmoja, kisha kwa makundi, nguo zao nyeupe zikiteremka ngazi kama maziwa yanayomwagika. Waliokuwa na vitu chini walikwenda kuvichukua. Dakta Mkadam alisimama kando ya mlingoti akisema, "Hawaruhusiwi. Kapteni, waambie hawaruhusiwi," na Kapteni Shekue hakuwaambia chochote. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akiigeuza na kuigeuza.

* * *

Habari ilifika mtaani kabla ya mtu yeyote kuipeleka. Adhuhuri, Hamali na Subira zilipokuwa zinatoa moshi mweusi na kukohoa, gati ya mashariki ilikuwa imejaa akina mama. Bi Mize alipasua katikati yao, kanga ya begani ikimdondoka, akasimama mbele ya Sikudhani.

"Umefanya nini wewe?"

"Mize..."

"Usiniite! Nimekutuma ukatoe radhi, wewe umekwenda kumtoa mwanangu ndani ya jiwe ukamtia ndani ya bati! Kopo! Hilo ni kopo la samaki! Wako amekufa, basi ndiyo na wangu afe?"

"Wako amechagua mwenyewe."

"Amechagua kwa kuwa umemwona ni mjinga ukamsemea maneno! Angekuwa mwanao ungesema?"

Sikudhani angeweza kunyamaza. Baadaye alifikiri kwamba ingekuwa adabu kunyamaza. "Nilichomwambia yeye ningemwambia Vuai," alisema. "Na asiporudi hai, Mize, bahari itamrudisha. Utamwosha. Utamvisha. Utajua alipo. Mimi sijui hata kama amebaki mzima au amegawanywa."

Bi Mize akamzaba kofi. Lilisikika hadi kwenye Subira, na mwanamaji aliyekuwa akivuta kamba aligeuka. Sikudhani hakuinua mkono hata kujigusa shavu. Wakasimama hivyo, wakitazamana, wote wawili wakihema kama waliokuwa wakikimbia.

"Wamegawanya nini?" aliuliza Bi Mize. Hakuwa ameambiwa hilo. Alikuwa ameambiwa tu kwamba radhi imekataliwa.

Sikudhani akamwambia. Alimwambia kwa sentensi chache, bila kupaza sauti: mraba, kovu la waridi, chokaa yenye mpangilio, manowari ya saba. Akina mama waliokuwa karibu wakasogea, na mmoja, mama wa mmoja wa wale wanne waliofia chumbani pamoja na Vuai, aliyekuwa ametoa radhi tangu wiki ya kwanza kwa sababu aliambiwa hakuna la kufanya, aliketi chini gatini kama aliyekatwa miguu.

Hamali ikapiga honi. Ngwali alikuwa nyuma, kwenye tezi, uso umemchafuka kwa grisi. Akainua mkono. Bi Mize akapunga mkono mpaka meli zote zikaupita mnara wa taa mdomoni mwa bandari, wala machozi hakuyafuta.

Ndipo Kapteni Shekue akaja, kofia mkononi bado. Alitembea kama mtu aliyezeeka kati ya asubuhi na mchana.

"Dada," alisema. "Meli isiyotoka haina cha kuogopa. Nimewaita mafundi wenye misumeno. Dakta ameshapiga simu Makao Makuu, na jioni nitakuwa nimevuliwa cheo, lakini mpaka jioni cheo ni changu. Tutafungua chumba. Tutatoa tutakachoweza kukitoa, mtazika."

Alingoja. Pengine alitarajia ashukuriwe. Akina mama walianza kulia, na mmoja akamshika Kapteni mkono akaubusu, naye hakujua la kufanya na mkono ule.

Sikudhani hakulia. "Na kile kipande?" aliuliza.

"Kipo tangini," alisema Kapteni. "Kimekwisha kuanza kuota. Tangi haliko chini yangu, dada. Lina walinzi wake, na sheria zake. Hilo siliwezi."

"Nimekuuliza unaliweza?"

Sikudhani akafunga buibui vizuri kifuani. Shavu lake lilikuwa jekundu, na vidole vya Bi Mize vilionekana vyote. "Matangi yako upande gani?" aliuliza, akiwageukia wenzake.

Bi Mize akavuta kamasi, akatazama mara moja zaidi kule kwenye mnara ambako moshi ulikuwa ukipungua, kisha akaokota kanga yake iliyoanguka, akaifunga kiunoni mafundo mawili.

"Nyuma ya ghala la mchele," alisema. "Kuna geti la chuma. Twende."